Ruhusa na Haki: Uhuru wa Kuabudu katika Jamii za Kiislamu, kutoka Unguja hadi Kivu

Uhuru wa kuabudu una sehemu tatu ambazo husemwa kwa pumzi moja ingawa hazina uzito sawa. Ya kwanza ni mtu kuswali au kusali kwa namna aliyoirithi kwa wazazi wake. Ya pili ni kuitangaza imani hiyo mbele ya wasioifuata. Ya tatu ni kuiacha na kushika nyingine, au kubaki ndani ya dini ileile lakini kwa madhehebu ambayo wengi hawayataki. Katika jamii za Kiislamu zinazoshikilia mapokeo, sehemu ya kwanza imekubaliwa kwa karne nyingi, pengine kuliko ilivyokubaliwa Ulaya ya zama zilezile. Ya pili hukubaliwa kwa masharti. Ya tatu ndiyo inayovunja nyumba. Anayezichanganya ataona historia ya Uislamu imejaa ukarimu, au ataona imejaa ukandamizaji, na kwa kila upande hatakosa ushahidi.

Kwa mkazi wa Ndosho, kartie ya komine ya Karisimbi iliyo magharibi mwa Goma kwenye barabara iendayo Sake, suala hili lina sura ya pekee. Hapo Wakristo ndio wengi, na hospitali inayojulikana kuliko zote ni ya Wabatisti wa CBCA. Waislamu ni majirani wachache. Lakini mkoa huohuo wa Kivu Kaskazini, upande wa Beni, una kundi linaloua watu kwa jina la Uislamu, hata Mkristo wa Goma anaweza kuufahamu Uislamu kwa habari za machinjo kabla ya kuufahamu kwa jirani yake. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuanza na sheria yenyewe inasema nini.

Kurani, katika aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara, inakataza kulazimishana katika dini. Wanavyuoni wa zamani waliisoma aya hiyo kwa yule ambaye hajaingia: Myahudi au Mkristo hasilimishwi kwa nguvu, bali huachiwa kanisa lake na mahakama yake ya ndoa, akalipa jizya na kukubali kuwa chini ya dola ya Kiislamu. Alikuwa na ulinzi, lakini hakuwa sawa na Mwislamu. Katika fikihi nyingi hakuruhusiwa hata kujenga kanisa jipya penye mji wa Waislamu. Kwa aliyekwisha kuingia kisha akatoka, yaani murtadi, mafakihi wa madhehebu makubwa ya Kisuni walikubaliana kwamba adhabu ni kifo asipotubu, na Wahanafi wakamtoa mwanamke katika hukumu hiyo, afungwe tu. Karne ya 20 ilileta sauti nyingine. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyeiongoza Al-Azhar ya Misri kuanzia mwaka 1958, alisema kukufuru peke yake hakuhalalishi damu ya mtu. Kinachoihalalisha ni kuwapiga vita Waislamu. Hoja yake inaeleweka vizuri mtu akikumbuka kwamba katika dola za kale dini ndiyo ilikuwa uraia. Aliyeihama alionekana kama askari aliyehamia kwa adui.

Mfano ulio wazi zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni Unguja ya masultani. Seyyid Said alikuwa Ibadhi kutoka Omani, raia wake wengi walikuwa Washafii, na mjini mwake waliishi Waismaili, Mabohora, Wahindu na Wakatoliki wa Goa. Forodha, mfuko mkuu wa dola, ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindu. Kulikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844, Seyyid Said alimpa barua kwa magavana wa pwani ya kuwataka wampokee vizuri. Mapadri Wakatoliki walianza kazi Unguja mwaka 1860, Waanglikana wa UMCA wakafuata mwaka 1864. Baada ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa mwaka 1873, Waanglikana walijenga kanisa kuu mahali palepale, na Sultani Barghash akalitunuku saa. Sheikh Abdulaziz al-Amawy, kadhi mashuhuri mwenye asili ya Barawa, alikuwa akijadiliana na wamisionari hao hadharani, kila mmoja na vitabu vyake.

Barghash huyohuyo aliyetoa saa kwa kanisa alimfunga Sheikh Ali bin Abdallah al-Mazrui wa Mombasa, Mwislamu mwenzake, kwa sababu ya mafundisho yake ya Kisuni yaliyowapinga Maibadhi. Sheikh alitoka gerezani baada ya Sultani kufariki mwaka 1888. Kwa nini kanisa lipewe saa na sheikh apewe pingu? Jibu haliko katika ubaya au wema wa moyo wa Barghash. Mkristo wa Ulaya alikuwa na mahali pake panapojulikana: mgeni, mwenye konseli wake na manowari bandarini. Waliobatizwa na misheni wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, watu wasio na ukoo mjini ambao kuondoka kwao hakukugusa mirathi ya yeyote. Sheikh Ali aliwagusa walio ndani. Ibadhi akigeuka Msuni, utii wake kwa nyumba ya Sultani hutiliwa shaka, ndoa za ukoo huingia maneno, na mimbari hupata mwenyewe mwingine. Ruhusa waliyopewa wageni ilikuwa ya kweli na haifai kudharauliwa, lakini ilibaki ruhusa. Mwenye kuitoa ndiye aliyepima nani anastahili.

Hapo ndipo penye tofauti na haki kama ilivyoandikwa mwaka 1948 katika kifungu cha 18 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambacho kinataja waziwazi uhuru wa kubadili dini. Saudi Arabia ilipinga maneno hayo na haikulipigia kura azimio zima. Aliyeyatetea kwa nguvu alikuwa Mwislamu, Muhammad Zafrulla Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistani, aliyesema kwamba dini inayotuma watu wake kuhubiri haiwezi kuwakatalia wengine kuihama. Zafrulla Khan alikuwa Ahmadiyya. Mwaka 1974 katiba ya nchi yake ilirekebishwa na kutangaza kwamba Waahmadiyya si Waislamu, na mwaka 1984 sheria ikawaadhibu kwa kujiita hivyo. Waswahili wanalijua kundi hilo kwa jina la Makadiani. Tafsiri yao ya Kurani kwa Kiswahili, iliyotoka Nairobi mwaka 1953, iliwaudhi masheikh wa pwani, na Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Ubishi ulikuwa mkali, lakini ulibaki wa kalamu. Mmoja wa Waahmadiyya, mshairi Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri wa sheria. Pakistani baadaye ingemfunga mtu kwa imani ambayo Dar es Salaam haikumuuliza.

Zanzibar ya leo inaonyesha jinsi ruhusa inavyoweza kupungua bila sheria kubadilika. Katiba yake ya mwaka 1984 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 19. Hata hivyo, mwaka 2012, katika vurugu zilizohusishwa na kundi la Uamsho, makanisa yalichomwa. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga wa ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Na tarehe 17 Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi akienda kuongoza misa. Orodha hiyo ina sheikh na padri pamoja, na nyuma yake kulikuwa na hasira juu ya Muungano na wahamiaji kutoka bara, hivyo kuiita vita ya dini ni kuona nusu. Vikwazo vya kila siku ni vidogo kuliko hivyo na hudumu zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana na polisi hukamata wanaokula hadharani, wakiwemo wasiofunga kwa dini yao. Kwa wenyeji wengi hiyo ni adabu ya mji. Kwa Mkristo aliyetoka Mwanza kufanya kazi hotelini ni amri ya dini isiyo yake.

Kongo ilipitia kinyume chake: huko waliobanwa walikuwa Waislamu. Uislamu uliingia Maniema kwa misafara ya Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, ukaota mizizi Nyangwe na Kasongo. Dola Huru ya Kongo iliwapiga Waarabu katika vita vya 1892 hadi 1894, na tangu hapo Uislamu ulitazamwa kama mabaki ya adui. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya dola hiyo na Vatikani yaliwapa Wakatoliki ardhi na nafasi ya kwanza katika shule. Wazazi Waislamu walioogopa watoto wao kubatizwa waliwazuia nyumbani, na pengo hilo la elimu lilidumu vizazi. Walioonja ukali huo hawakuwa Waislamu peke yao. Simon Kimbangu alihubiri miezi michache tu mwaka 1921, akafungwa hadi kufa kwake Elisabethville mwaka 1951. Vuguvugu la dini la Kitawala lilipigwa marufuku. Uasi wake wa mwaka 1944 ulifika Masisi, milimani upande wa pili wa Sake. Hata baada ya uhuru, sheria ya Desemba 1971 ilitambua kwanza Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu waliongezwa baadaye, na leo huwakilishwa na COMICO. Basi kutovumilia hakukuhitaji Uislamu ili kustawi Kivu. Agosti 2023, mjini Goma penyewe, wanajeshi waliua zaidi ya watu 50 wa dhehebu la kienyeji waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa; kisa kilikuwa siasa kuliko ibada, ingawa nyumba yao ya sala haikuwakinga.

Kundi la ADF, lile la wauaji wa Beni, ni jambo jingine. Lilianzishwa Uganda miaka ya 1990 na Jamil Mukulu, aliyezaliwa Mkristo akasilimu, likahamia misitu ya Beni. Baada yake Musa Baluku alilifungamanisha na Dola la Kiislamu. Kambi yake kuu iliitwa Madina, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza maisha ya humo: mateka waliolazimishwa kusilimu, wanawake waliofunikwa, mahakama na magereza ya kundi lenyewe. Bomu la Kasindi, tarehe 15 Januari 2023, liliwaua Wapentekoste wakiwa katika ibada ya ubatizo. Julai 2025 watu wapatao 40 waliuawa Komanda, mkoani Ituri, katika shambulio la usiku lililoanzia kanisani walikokesha wakisali. Hii si jamii ya Kiislamu yenye mapokeo makali. Ni jeshi linaloishi kwa mateka, na fikihi iliyotajwa hapo juu, hata ile ngumu kabisa, haimruhusu mtu kumsilimisha Mkristo kwa panga. Masheikh wa Beni walisema hivyo waziwazi. Sheikh Ali Amini, aliyewapinga wauaji hao katika mahubiri yake, alipigwa risasi msikitini tarehe 1 Mei 2021, na kabla mwezi haujaisha sheikh mwingine aliyewapinga aliuawa Mavivi. Mzigo wa Mwislamu wa Beni ni wa pande mbili: wauaji humwita msaliti, na jirani Mkristo, mwenye wafu wake, humtazama kanzu yake kwa wasiwasi.

Sheria ya Kongo ina jibu kali kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kifungu cha 22 cha Katiba ya mwaka 2006 kinatoa uhuru wa dhamiri na ibada, na kifungu cha 61 kinauweka uhuru wa fikra, dhamiri na dini kati ya haki zisizosimamishwa hata wakati wa état de siège, utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021. Sheikh Ali Amini alikuwa ameuawa siku tano kabla. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na katiba, kama karatasi yoyote, haina doria ya usiku.

Sehemu ya tatu ya uhuru, ile ya kuhama, hupimwa zaidi katika sheria ya familia kuliko katika katiba. Kwa fikihi ya kawaida Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, na mke Mwislamu ambaye mumewe ametoka katika dini hutenganishwa naye. Penye mahakama ya kadhi, kama Zanzibar, aliyehama anaweza kuulizwa kuhusu shamba la baba yake. Kenya ilitafuta njia ya kati: kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinampa kadhi mamlaka pale tu wahusika wote wanapokiri Uislamu na kuikubali mahakama hiyo. Kongo ilichagua sheria moja kwa wote, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, ambayo haimuulizi mrithi anasali wapi. Kijana Mwislamu wa Ndosho akibatizwa, au Mkatoliki akisilimu ili aoe, sheria haimnyang'anyi kitu. Lakini kesi nyingi za mirathi hazifiki tribunal. Humalizwa uani na wajomba na baba wadogo, na hapo aliyehama huketi bila kifungu cha 22 mkononi, akitegemea yale ambayo wazee wataamua kumruhusu.