Mtoaji si Kadhi

Zawadi iliyo mashuhuri kupita zote zilizopata kutoka katika ardhi ya Mwadui, mji wetu wa mgodi wa almasi mkoani Shinyanga, ni almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kuchongwa, ambayo Daktari John Williamson, Mkanada mjuzi wa miamba aliyeufungua mgodi huu mwaka 1940, alimtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947. Jiwe lile lilichongwa London kwa hadhari kubwa, likabaki karati 23.6, kisha likatiwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Wala hakuna aliyethubutu kuwaza kwamba bibi arusi yule angepelekewa jiwe lenye ufa, kwa kuwa ada ya ulimwengu ni hii, kwamba anayepewa akiwa mkubwa mtoaji hutafuta kilicho bora, na akiwa mnyonge hutafuta kilichomchosha. Nimeishi na kufanya kazi katika mji huu sehemu kubwa ya umri wangu, na katika yote niliyoyashuhudia ya kutoa na kupokea, hakuna lililonionyesha tabia hii ya wanadamu, pamoja na dawa yake, kama mkusanyo wa vitu tulioufanya kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994.

Tarehe 6 Aprili mwaka ule ndege iliyowachukua marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, waliokuwa wakirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali, na Rwanda ikatumbukia katika mauaji ambayo ulimwengu haujamaliza kuyastaajabia. Miili ya watu ilichukuliwa na maji ya Mto Kagera mpaka Ziwa Victoria. Na tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda usiozidi usiku na mchana, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Wilaya ya Ngara, hata mahali paitwapo Benaco, ambapo jana palikuwa nyasi na vichaka, pakawa na watu wengi kuliko miji yetu mingi. Chakula cha umati ule kilikuwa juu ya mashirika makubwa: nafaka ya Mpango wa Chakula Duniani ilipanda gari moshi kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, katika mkoa wetu huu wa Shinyanga, ikateremshwa na kupakiwa katika malori yaliyoshika njia ya Kahama na Lusahunga kwenda Ngara. Mtu aliyeiona misafara ile ikipita, lori nyuma ya lori, ilikuwa vigumu kwake kurudi nyumbani akalala na kudai kwamba jambo lile halimhusu.

Ndivyo tulivyoanza. Hapakuwa na hotuba wala sherehe. Watu wachache wa msikitini na wa kanisani, mwalimu mmoja wa shule ya msingi na muuguzi mmoja mstaafu walikutana chini ya mwembe, wakaafikiana kwamba nafaka ina wenyewe wa kuileta, lakini mtu aliyekimbia na nguo aliyoivaa ana haja ya vitu vingine ambavyo havingoji meli: chumvi, sabuni, sufuria, dumu la maji, blanketi, na kanga ya mama kumbebea mtoto. Tulipewa banda moja lililokuwa tupu, na watu, Mola awalipe, wakaleta vitu mpaka mlango ukakataa kufungika.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa maana kukusanya ni jambo jepesi, na kuchambua ndiko kunakomtoa mtu jasho. Vilikuja vitu vya murua: doti nzima za kanga zilizokuwa zimewekwa sandukuni kwa ajili ya arusi, miche ya sabuni isiyokatwa, nguo za watoto zilizofuliwa na kupigwa pasi. Lakini viliandamana navyo viatu vya mguu mmoja, tai za shingoni, makoti mazito yaliyokwisha kutafunwa na nondo, dawa zilizopita muda wake, na suruali ambazo sitara yake ilikwisha zamani. Muuguzi wetu, mwanamke wa maneno machache, hakuwa na mizani nyingine ila moja: kila nguo aliitandaza juu ya bega lake mwenyewe, akaitazama, na ile ambayo asingeona haya kutoka nayo kwenda sokoni Maganzo aliikunja, na ile ambayo angeionea haya aliitupa upande wa pili, katika fungu la matambara ya kufutia mashine katika karakana ya mgodi. Fungu la karakana, nasema kwa masikitiko, halikuwa dogo.

Bwana mmoja mwenye heshima zake alipita banda lile, akaitambua suruali yake katika fungu la matambara, akakasirika. "Kwani mkimbizi naye ana kuchagua?" akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote. Muuguzi alimjibu kwa adabu, "La, bwana, yeye hachagui; ndiyo sababu tunamchagulia sisi." Bwana yule aliondoka akinung'unika, na sikumwona tena bandani, lakini swali lake lilibaki limesimama pale, kwa kuwa aliyasema waziwazi yale ambayo watoaji wengi tumeyaficha ndani ya mioyo yetu.

Vitu vilivyosalia tulivifunga marobota, tukavishona kwa shazia na kamba ya katani. Na kwa kuwa mji wetu ni mji wa almasi, ambako hakuna mzigo utokao pasipo kupekuliwa, walinzi wa langoni waliyafumua marobota yote, wakapapasa pindo za kanga, wakatia mikono katika mifuko ya makoti ya watoto, wakapiga-piga miche ya sabuni kwa vidole kusikia kama imetobolewa ndani. Mmoja wao aliishika kanga moja, akaigeuza nje ndani, akasema kwa mzaha kwamba ikiwa wakimbizi wanavikwa namna hii, basi naye atakimbia. Tulicheka, tukakaa chini kushona upya. Na nikafahamu kwamba katika kazi yetu nzima hatukupata cheti kilicho bora kuliko mzaha ule.

Katika siku hizo za mwisho alikuja bibi kizee kutoka kijiji cha jirani, amejitwisha kikapu cha michembe. Wasiojua nchi ya Wasukuma nawaarifu kwamba michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, chakula kisichooza upesi, chepesi kuchukulika, kihitajicho maji na moto tu. Yaani bibi yule alikuwa amefikiri juu ya safari na juu ya mlaji kuliko wengi waliosoma. Alitua kikapu, akapumzika, kisha akasema, "Mwanangu, na huyo atakayekula michembe yangu, akiwa ndiye aliyemuua jirani yake?" Nilimtazama mwalimu, mwalimu akanitazama mimi. "Mama, hilo hatulijui," nikamjibu. Akatikisa kichwa, akangoja nimimine michembe guniani nimrudishie kikapu chake, akaenda zake.

Swali la bibi lilikuwa swali la haki, wala halikuwa la dhana tupu. Wengi wa waliovuka Rusumo walikuwa watu wanyonge waliokimbia vita, wanawake, wazee na watoto wasio na hatia. Lakini ndani yao walikuwamo walioshika mapanga na waliotoa amri. Jean-Baptiste Gatete, aliyepata kuwa meya wa Murambi, alikuwamo Benaco waziwazi, na habari zake zilienea kambini. Wako wafadhili walioona kwamba haiwezekani kulisha mikono ya namna ile: mwishoni mwa mwaka uo huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za Zaire, kwa hoja kwamba msaada umekuwa nguzo ya wauaji. Siwezi kuwalaumu, kuondoka huko nako kulikuwa ni kauli ya dhamiri.

Hata hivyo, baada ya kulitafakari jambo hili miaka mingi, nimetua katika rai nyingine. Mwezi Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu wakuu wa mauaji yale, na mahakama hiyo ikawekwa Arusha. Gatete alikamatwa Kongo mwaka 2002, akaletwa Arusha, na mwaka 2011 akatiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Nchi moja, hii yetu, iliwapokea waliokimbia katika upande mmoja na kuwapa makao waamuzi katika upande wa pili, wala kazi moja haikubatilisha nyingine. Kadhi ana ushahidi, ana mashahidi, ana wakati, na ana mtu mmoja mbele yake aliyeitwa kwa jina. Mtoaji hana lolote katika hayo, ila ana blanketi mkononi na mbele yake umati unaotetemeka. Akitaka kwanza kuwapima wote kwa dhambi ya baadhi yao, mtoto wa siku tatu atakufa kwa baridi kabla ya kesi kuanza, na mwenye hatia, ambaye aghalabu ndiye mwenye nguvu, atajitafutia blanketi lake kwa njia nyingine.

Na hapa ndipo swali la bibi kizee na swali la yule bwana wa suruali yanapokutana, ingawa la kwanza lilitoka katika moyo safi na la pili katika kiburi. Anayempa mkimbizi tambara amekwisha kumhukumu, ameamua kwamba thamani yake ni ya tambara. Na anayemnyima mpaka ajue habari zake amemhukumu vilevile, pasipo kumsikiliza. Wote wawili wamekalia kiti kisicho chao. Tofauti ni kwamba bibi aliuliza na kikapu kikiwa kimekwisha kutuliwa, na ninaamini kwamba hilo ndilo lililompambanua: shaka yake haikumzuia kutoa, wala haikumfanya alete michembe iliyooza.

Mwishoni mwa mwaka 1996 Wanyarwanda wa Ngara walirudishwa kwao, wakaacha vilima vilivyokatwa miti yake kwa kuni, gharama ambayo wenyeji wa Ngara waliilipa na ambayo sisi wa mbali tunaisahau upesi. Lakini mwaka huo huo ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu, katika Wilaya ya Kasulu, kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na mwaka 2015 wakaongezeka humo Warundi; wako waliozaliwa humo, wakakua na kuzaa watoto wao humo. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, Mpango wa Chakula Duniani ulilazimika kuikata posho ya wakimbizi nchini hata ikawa nusu. Vita vya jirani zetu havijatuondokea, na zamu ya kuombwa itatufikia tena.

Basi, msomaji, likitoka tangazo la kukusanya vitu katika msikiti wako, kanisa lako au mtaa wako, usingoje kujua ni nani atakayevivaa, kwa kuwa hilo si lako. Wala usingoje kuwa tajiri, kwa kuwa wazee walikwisha kutuambia kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ila kabla ya kukitoa kitu, kitandaze begani mwako. Kama huna nguo nzima ya kuachana nayo, peleka mche mmoja wa sabuni, mpya, usiokatwa, utapokewa kwa shukrani. Na kilichochakaa kipeleke karakana.