Barua Mbili za Kukubaliwa

Somo: Matendo ya Mitume 1:15–26

Mitume walikuwa na nafasi moja, ile aliyoiacha Yuda, na watu wawili. Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya wote walitimiza sharti alilotaja Petro: walifuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana hadi siku alipochukuliwa juu. Hakuna aliyekuwa na doa. Wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya. Barsaba hatumsikii tena. Mathiya naye, ukweli usemwe, hatajwi tena popote katika kitabu kile.

Somo hili linanirudia kila msimu ambao watoto wetu walio Marekani wanamaliza usaili wa vyuo vya udaktari. Mzazi hapa Ggaba, Kampala, ananisimamisha baada ya Misa: "Padri, amepata viwili. Tumwombe Mungu amwonyeshe kimoja." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Na hii osteopathia, ni udaktari kweli, au ni kuunga mifupa?"

Nianze na hilo la pili, maana linawanyima watu usingizi bure. Marekani kuna shahada mbili zinazomfanya mtu kuwa daktari kamili: M.D. na D.O., yaani udaktari wa osteopathia. Zote ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza. Wahitimu wa pande zote mbili huandika dawa, hupasua, na tangu 2020 huingia katika mfumo mmoja wa mafunzo ya ubingwa. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humo wako upande wa D.O., na wao huongezewa mafunzo ya kupima na kutibu misuli na viungo kwa mikono. (Uingereza ni habari nyingine: osteopathi wa kule si daktari wa hospitali, na nadhani wasiwasi mwingi unaanzia hapo.) Mwanzilishi wa osteopathia alikuwa Andrew Taylor Still, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti aliyekuwa pia tabibu. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilimchukulia watoto watatu, na dawa za wakati ule hazikufua dafu. Akaanza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1892 akafungua chuo Kirksville, Missouri, ambacho kilipokea wanawake tangu darasa la kwanza. Mengi aliyodai hayakusimama mbele ya utafiti, na vyuo vilivyomfuata leo vinafundisha dawa na upasuaji kama vinavyofundishwa katika hospitali yetu ya Mulago. Hata hivyo, sikidharau chuo kilichoanzishwa na baba aliyezika watoto wake.

Sasa ile sala. Naisali pamoja na wazazi, lakini nina mashaka nayo. Mara nyingi anayesema "Mungu anionyeshe" ameshachagua moyoni na anataka sahihi ya Mungu chini ya karatasi. Au anaogopa, na anatafuta wa kumlaumu mambo yakiharibika. Inyasi wa Loyola, ambaye Mazoezi yake ya Kiroho yaliidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, hakuwafundisha watu kungoja ishara tu. Moyo ukitulia, alisema, tumia akili uliyopewa: pima faida na hasara za kila upande mbele ya Mungu. Fikiria mtu usiyemjua kabisa amekuja kukuomba ushauri juu ya jambo hilohilo, ungemwambia nini? Jiweke katika saa ya kufa kwako. Ungependa uwe umechagua vipi? Ukishaamua, ndipo upeleke uamuzi wako kwa Mungu na kumwomba aupokee. Kuna pia onyo lake ninalolirudia sana kwa vijana: giza likiingia moyoni, usibadili ulichoamua ukiwa kwenye mwanga.

Vijana wa teolojia katika Seminari Kuu ya Mtakatifu Maria hapa Ggaba wanapewa miaka ya kupambanua hivyo, na mlezi wa kiroho pembeni. Mwenye barua mbili mkononi anapewa wiki chache, na amana ya dola ambayo mara nyingi hairudishwi. Kwa hiyo anashika alichonacho karibu, yaani kumbukumbu ya siku ya usaili: jengo jipya, msaili aliyecheka naye, mwanafunzi mchangamfu aliyewatembeza. Lutu naye aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akaondoka kuelekea huko. Mwanzo 13 haisemi kama aliuliza habari za majirani.

Akina mama wanaonunua ngege pale mwaloni hawaridhiki na magamba yanayong'aa. Wanafunua matamvua kwanza. Chuo cha osteopathia kinafunuliwa kwenye mwaka wa tatu na wa nne. Vingi havina hospitali yao. Wanafunzi hutawanywa katika hospitali zenye makubaliano na chuo, wakati mwingine mbali na mbali, na gharama za kuhama ni zao. Basi uliza: nitafundishwa na wagonjwa wa wapi, na nani anaamua? Walioanza pamoja, wangapi walimaliza kwa wakati? Wangapi walifaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza, na wangapi walipata nafasi za ubingwa, za aina gani? Deni lote litakuwa kiasi gani, pamoja na kodi ya nyumba? Muulize mwanafunzi ambaye chuo hakikumchagua kukutembeza. Na mwenye nia ya kurudi kuhudumu Uganda aandike kwa Baraza la Madaktari kabla ya kulipa hata senti.

Hayo si maswali ya kidunia yanayosubiri nje ya kanisa. Wala kutaka kusoma karibu na shangazi si udhaifu wa imani; upweke umewaangusha wengi waliokuwa na alama nzuri. Linalonitia shaka ni baba anayetaka jina la chuo litakalosikika vizuri harusini.

Dk. Matthew Lukwiya alisoma Makerere, kisha akaenda Liverpool kuongeza masomo ya tiba ya watoto ya nchi za joto, akafanya vizuri hata wakataka abaki kufundisha. Akarudi katika hospitali ya Lacor, Gulu, na huko Ebola ilimuua tarehe 5 Desemba 2000. Tunapenda kumsimulia kana kwamba Liverpool ilikuwa kishawishi. Haikuwa. Kufundisha madaktari ni kazi njema, na waliobaki kuifanya hawakumkimbia Mungu. Alichagua kati ya mema mawili, na ndiyo maana namtaja kwa wenye barua mbili.

Ukishachagua, kuna kazi moja ambayo wengi huiahirisha. Chuo ulichokiacha kina orodha ya wanaosubiri, na kiti ulichokikalia kwa sababu hujapata nafasi ya kuandika ni cha mtu anayefungua barua pepe kila asubuhi bila kupata jibu. Wapo wanaoshika viti viwili hadi siku ya mwisho, ati kwa usalama. Barua ya kujiondoa ni sentensi tatu: kushukuru, kujiondoa, jina lako. Iende juma hilohilo, kabla ya kuniletea nia ya Misa ya shukrani.