Usitoke Mtoni Mara ya Sita

Wapendwa wa Heru Juu, nanyi ndugu wa Kasulu na Kibondo mtakaosomewa waraka huu,

Naamani, jemadari wa Shamu, alikuja na farasi na magari kutafuta uponyaji, nabii Elisha akamwambia ajichovye Yordani mara saba. Akawaka hasira. Watumishi wake wakamsihi, akashuka. Mara ya kwanza, ukoma. Mara ya tatu, ukoma. Lau angepanda ukingoni mara ya sita, angerudi Shamu na ukoma wake!

Wapo kati yetu waliopanda ukingoni. Ulianza ARV, dawa za VVU, umedhoofu, mwili ukarudi, ukashika jembe ukalima maharage. Kisha ukasema: nimepona, kliniki ni mbali, majirani watanionaje? Ukaacha. Mpendwa, sikia kinachokuvizia.

Karibu kila mmoja wetu amebeba tangu utotoni kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Kiligunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda, ule ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958. Hulala ndani ya chembe nyeupe za damu, na askari wa mwili hukizuia kisiamke. VVU huwaua askari hao. Lindo likibaki tupu, chembe zile huweza kuanza kuzaana ovyo. Limfoma nyingi za wenye VVU, yaani saratani ya tezi, huzaliwa hivyo.

Sasa tazameni rehema ya Mungu! Dawa mseto za VVU zilipoanza kutumika Ulaya na Marekani mwaka 1996, limfoma hizo zilipungua sana, na ile ya ubongo ikashuka mno. Tanzania ilianza kugawa ARV bure mwaka 2004. Mwaka 2015 yakatoka majibu ya utafiti wa nchi 35, Uganda ikiwamo, uliowashirikisha watu 4,685 ambao CD4 zao, yaani hesabu ya askari wa mwili, zilikuwa bado juu. Karibu nusu walianza dawa papo hapo, wengine wakasubiri. Waliosubiri, 10 walipata limfoma. Walioanza mapema, 3. Basi kwa nini ungoje mpaka ukonde?

Lakini sitawaficha neno. Dawa haikuifuta limfoma. Ile ya Burkitt na ile ya Hodgkin hazikupungua kama nyingine, maana humpata hata mwenye CD4 za kutosha. Kwa hiyo ukiona uvimbe shingoni, kwapani au kinenani, usiouma lakini unakua, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, usiseme ni mitoki tu. Ukipewa dawa za kifua kikuu na uvimbe usipungue, rudi, omba kinyama kipimwe. Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili! Ukipewa rufaa ya Bugando kule Mwanza, au Ocean Road Dar es Salaam, nenda, na ARV zako ziwe mfukoni. Tiba ya saratani hufuatana na ARV, haichukui nafasi yake.

Nawe unayemwekea mgonjwa mikono kisha ukamwambia atupe vidonge, mche Mungu! Mwaka 2011 umati ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichosemwa kuponya, na wapo walioacha ARV. Elisha alikuwa nabii wa kweli, naye alimtuma mgonjwa mtoni, hakumtoa mtoni.

Naamani alihesabu saba akamaliza. Sisi hesabu yetu ni kila siku tuliyojaliwa kuishi. Uliyeacha, rudi kliniki wiki hii. Usione haya, waeleze ukweli, watakupima na kukuanzisha tena. Usiyejua hali yako, pima. Nawe jirani unayejua siri ya mwenzako, usiipeleke kisimani. Kumbuka watumishi wa Naamani: walimsemesha bwana wao kwa upole mpaka akashuka majini. Kesho alfajiri mgongee mlango, mshike mkono, mtembee pamoja.

Amina.