Bili ya Mdomoni

Wanangu mnaoshinda machimboni, kwa kupima hamna mpinzani. Pale Nyarugusu kijana ataweka kipande chake kwenye mzani wa mnunuzi, na pointi moja ikipungua atabishana mpaka jua lizame. Kisha huyohuyo ataagiza soda, ataitia shingo ya chupa kwenye magego, na kizibo kitaruka. Watu watacheka. Chembe ya jino iliyoondoka na kizibo hakuna anayeipima.

Nimeyatazama hayo miaka mingi na hasira imeshaniisha. Kifungua chupa hupotea, kiu haipotei. Ninachosemea ni bili tu, maana meno huliwa kwa rejareja lakini hulipwa kwa jumla.

Gamba la nje la jino, enameli kwa kauli ya madaktari, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ila likishaondoka halioti tena. Nalo lina wababe wake. Ule mwamba mweupe mnaoufuata chini ya duara (shimo la mgodi), kwatzi inayobeba dhahabu, una ugumu wa 7 kwenye kipimo cha wataalamu wa mawe; jino lina 5. Dhahabu yenyewe haizidi 3, ndiyo maana ukiing'ata inabonyea. Basi mtu anashinda kwenye vumbi la krasha inayosaga mawe, anatafuna kilicho kigumu kuliko meno yake, na usiku, uchovu na hofu ya kufukiwa vikimwandama, anayasaga meno usingizini hadi wenzake kambini wanamtikisa.

Msidhani nawasema wanaume peke yao. Dagaa wa ziwani wengi huanikwa mchangani, na mpishi mwenye haraka huwaosha mara moja, kila tonge likalia krr. Wajawazito wetu wanamjua muuza udongo wa kula kuliko wanavyomjua nesi. Na wapo wanaosugua kwa mkaa na majivu ili meno yang'ae. Yanang'aa, sikatai, kwa kuwa gamba la juu limekwanguliwa. Halafu siku moja njano ya ndani inachungulia.

Shinyanga ina jambo lake jingine, ambalo si kosa la mtu. Visima vingi huku, Kishapu hasa, vina floraidi ya kuzidi. Shirika la Afya Duniani linataka isivuke miligramu 1.5 kwa lita. Sisi Watanzania, kwa uhaba wa maji, mwaka 1974 tuliruhusu hadi 8, baadaye tukashuka hadi 4 kwa miaka kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo ya visima wakati meno yake yanajengeka ndani ya ufizi huota meno ya kahawia, laini kuliko yanavyopaswa, yanayomeguka na kulika upesi. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalipozinduliwa mwaka 2009 na kufika Kahama na Shinyanga, tulishangilia ndoo kujaa. Kwamba yangeokoa na meno ya wajukuu, hatukufikiria kabisa.

Haya, bili. Jino likianza tu kulika, daktari hulijengea kwa resini nyeupe, ukarudi kazini kesho yake. Lakini nani huenda? Jino haliumi, linatia ganzi tu ukinywa maji ya baridi, nawe unahamishia tonge upande wa pili. Miaka inapita, kulika kunafika kwenye mshipa. Hapo ni kuua mshipa, kisha kuvika kofia, na kofia moja inakwenda kwa laki. Tuseme laki 3. Lingekuwa jino moja wala nisingeshika kalamu. Tatizo ni kwamba meno yakilika yote huwa mafupi, taya zikakaribiana, kofia ikakosa pa kukaa. Inabidi daktari anyanyue mng'ato mzima, ajenge juu na chini, kushoto na kulia. Meno 20 kwa laki 3 ni milioni 6, hujaweka picha za eksirei, kazi ya maabara, wala safari za Mwanza zisizoisha. Kwa mnaotoka Nyarugusu, Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Nauli na siku za kazi bado ni za kwako.

Mwenye milioni 6 mara nyingi alikuwa nazo mwaka jana, duara lilipotema dhahabu. Zilikwenda kwenye pikipiki mbili, spika linaloziba mlango, na harusi ambayo mke wa kwanza aliisikia sokoni. Simlaumu, duara likitema hata wazee hupoteza adabu.

Wengi huishia kung'oa, maana ndiyo bei ya mfukoni. Ukishang'oa, meno ya jirani huliinamia pengo, la juu likashuka kumtafuta mwenzake, na mahindi ya kuchoma ukabaki kuwanunulia wengine. Kichekesho ni kwamba kofia isiyomla jino mwenzake ni ya dhahabu. Kauri nyingine humkwangua. Dhahabu mnaitoa ninyi, inapanda ndege, mnabaki na vumbi.

Kwa hiyo fungeni kifungua chupa kwa kamba kwenye meza ya mama ntilie. Funika pua na mdomo krashani. Ukinywa soda au kile kinywaji cha kukesha, sukutua kwa maji na usikimbilie mswaki. Ngoja kama nusu saa, tindikali imelilainisha jino. Dagaa waloweke, uwaopoe kwa juu, mchanga ubaki chini, urudie. Na pesa ikiingia, spika lisubiri: pita kwa daktari umuulize yapi yajengewe leo na yapi yangoje, na kama atakubali ulipe jino kwa jino. Umuulize pia kile kikinga cha plastiki kinachovaliwa usiku na wanaosaga meno. Mkeo atakucheka usiku wa kwanza. Wa pili atalala.