Kazi Iliyochelewa: Haki au Huruma?

Chukua mfano: mwanafunzi wa chuo kapewa wiki 2 na maelekezo yote, kaleta kazi siku 3 baadaye, tena siyo alivyoagizwa. Mwalimu afanyeje? Wengi tutasema, "Asamehe, si Mkristo?" Lakini yule wa Kang'ata aliyekesha na tochi ya simu akawahi, haki yake iko wapi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kuwa haki bila huruma ni ukatili, na huruma bila haki huzaa ulegevu. Basi, kwanza aulizwe sababu. Kama aliuguza mama, aongezewe siku. Kama ni uzembe, apunguziwe alama, ila asidhalilishwe. Vijana wenzangu, hiyo nayo ni huruma: kesho atakuwa nesi, na mgonjwa wa Handeni anahitaji dawa kwa saa na kwa maelekezo.