Leseni Hainunuliwi kwa Ploti

Binti mmoja wa Isinya, muuguzi mwenye diploma na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya, alikuwa akifanya kazi katika kliniki ya binafsi mjini Kitengela, kwa mshahara mdogo uliochelewa kila mwezi. Jina simpi, maana kisa chake nimekishona kwa visa vya wengi, na aliyeishi kando ya barabara ya Namanga atakitambua. Ajenti alimwambia kwamba Uingereza inatafuta watu haraka: ataingia kama mhudumu wa wazee, na akishafika atageuzwa kuwa nesi. Pesa zilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Baba yake alikuwa na ekari chache upande wa barabara ya Kiserian. Tangu ranchi za jumuiya zilipogawanywa, ardhi ya huku imekuwa ikiuzwa kipande kwa kipande, na mzee alikuwa ameapa kwamba hizo zilizobaki ni za wajukuu.

"Mwanangu, ardhi ikienda hairudi," alimwambia.

"Nitakununulia nyingine, Baba. Nipe mwaka mmoja tu."

Mama naye alifika mbele ya bodi ya ardhi kutoa ridhaa yake, kwa kuwa bila ridhaa ya mke shamba la familia haliuziki kihalali. Alikubali kwa sababu ya mapenzi. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyemuuliza ajenti: huko kugeuzwa kuwa nesi, nani anayekugeuza, na kwa mtihani gani?

Ardhi ikauzwa. Binti alifika Uingereza, akawaogesha na kuwalisha wazee kwa bidii, kazi ya heshima kabisa. Lakini kazi hiyo haihitaji usajili wa uuguzi, wala haimpi mtu usajili huo, hata akiifanya miaka kumi. Kisha kampuni iliyomwajiri ikanyang'anywa kibali cha kudhamini wafanyakazi wa kigeni, jambo lililozikuta kampuni nyingi za aina hiyo. Mtu wa namna yake hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Hakumpata. Aliporudi nyumbani alikuta leseni yake ya Kenya nayo imeisha, kwa kuwa huhuishwa kila mwaka na hudai muuguzi awe ameendelea na mafunzo.

Njia halali ipo, na haipiti mfukoni mwa ajenti. Anayesajili wauguzi Uingereza ni baraza la huko, NMC, na muuguzi hufungua akaunti yake mwenyewe mtandaoni. Atahitaji uthibitisho kutoka Baraza la Kenya, na ndiyo maana leseni ya nyumbani haifai kuachwa ife. Atahitaji mtihani wa Kiingereza, IELTS ya kitaaluma au OET. Kwenye IELTS anatakiwa apate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Halafu kuna mtihani wa kompyuta uitwao CBT, wenye hesabu za dawa na maswali ya uuguzi, na mwisho mtihani wa vitendo, OSCE, unaofanyiwa Uingereza.

Kiingereza ndicho kinachowaangusha wengi, na hapa naomba tusidanganyane. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi. Miezi michache baadaye Mutahi Kagwe, waziri wa afya wa wakati huo, alisema kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu walifaulu. Hawa ni watu waliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Sehemu ya kuandika ya IELTS ina mtindo wake: maandishi mawili kwa saa moja, moja la maneno 150 na jingine la 250, na asiyefanya mazoezi kwa saa mkononi huishiwa na muda. Matokeo ya mtihani hudumu miaka miwili, kwa hiyo kuyawahi sana pia ni hasara.

Na ule mlango wa uhudumu alioingilia binti huyu haupo tena: Uingereza iliufunga kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Anayeuza nafasi hizo leo anauza hewa. Marekani wana mtihani wao wa uuguzi, NCLEX, na Ujerumani kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B2 kabla ya kukutambua kikamilifu. Kokote uendako, leseni hutangulia.

Lingine linalostahili kujulikana kila boma ni kwamba mwongozo wa serikali ya Uingereza hauruhusu ajenti kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Mitihani ina gharama, naam, lakini hulipwa kwa taasisi yenyewe, na baadhi ya hospitali za umma huko hugharimia tiketi na OSCE.

Binti amehuisha leseni yake na anajiandaa kwa IELTS. Ile ardhi ina wenyewe sasa. Wazee wangu wa Isinya na Kitengela, ajenti akija na fomu, mwulizeni kwanza kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha mhakikishe wenyewe katika orodha ya Mamlaka hiyo. Na mtoto akiomba hati ya shamba, mwambieni alete kwanza matokeo ya Kiingereza.