Makaa ya mawe na mizani mbili

MWAKA 2021 wakubwa wa dunia walikutana Glasgow, wakakubaliana kuwa umeme wa makaa ya mawe upunguzwe hatua kwa hatua, kwani moshi wake unaharibu hali ya hewa. Mwaka 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, Ulaya ikapiga marufuku makaa ya Urusi, na wanunuzi wakabisha hodi kwetu. Malori yakayabeba makaa ya Ruvuma hadi bandari ya Mtwara.

Je, huu si undumilakuwili? Ndio. Wamejenga viwanda kwa makaa hayo kwa zaidi ya miaka 200, leo wanatuonya sisi.

Lakini ndugu Muislamu, kosa la jirani halihalalishi letu. Mwanadamu ni khalifa katika ardhi. Mali iliyo chini yake ni amana, na aliyekabidhiwa amana ataulizwa. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru, na moshi hauna mpaka.

Basi tusiulize tu kama tuchimbe Ngaka na Mchuchuma. Tuulize pia, mama wa Segerea anayekohoa kwa moshi wa mkaa jikoni atapata nini? Serikali imekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Iko siku wanunuzi wataondoka. Ikiwa fedha ya makaa haitamfikishia mama huyu gesi wala umeme, tutakuwa tumeuza amana na kurithisha watoto wetu mashimo.

Wallahu a'lam.